Picha ya Boma, Mbele na Nyuma

Mwezi uliopita Mfaume alikuja nyumbani kwangu Lindi, akala wali wangu na nguru wangu, akanawa kwa maji yangu, kisha akakaa kwenye kiti changu akaniibia mwaka mzima wa maisha yangu mbele ya wageni. Tulikuwa hatujaonana tangu enzi ya Wadachi. Mpwa wangu alikuwa na wenzake wawili waliotoka Dar es Salaam, nao walikuwa wanabishana ni sinema ipi inafaa kurudiwa. Mmoja alisema ameiona picha ya farasi na majambia mara nne. Mwenzake akasema yeye mara sita, na kila tendo analijua kabla halijatendeka. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo, mara sita ni nini, nikawa nangoja wamalize niwaeleze. Mfaume akafuta mdomo akaniwahi. "Wanangu, hayo yenu ni michezo," akasema. "Mimi na huyu mzee wenu tulionyesha picha Kivinje kabla baba zenu hawajaoa. Na mimi ndiye niliyeizungusha ile ya boma kinyumenyume." Vijana wote watatu wakamgeukia yeye. Nilimwacha amalize kahawa, maana sijafika hali ya kumnyang'anya mgeni kikombe, halafu nikamwambia mlango uko palepale alipoingilia. Aliondoka amenuna. Sasa naandika, na atakayemsomea amsomee polepole, kwa sababu kusoma hajui.

Mimi mwenyewe shule sikukaa. Herufi nilijifunza kwenye magunia, na leo nina malori mawili na duka lenye bati juu, na makarani waliosoma misheni wananiamkia shikamoo. Mwanzo wa yote hayo ni mkono wangu wa kulia. Baada ya vita vya Maji Maji, Wadachi waliendelea na pamba yao kama vile hakuna aliyekufa kwa ajili yake, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini ninayezungusha mashine ya kuchambua pamba katika shamba moja nyuma ya Kivinje. Ile mashine haitaki nguvu, inataka mwendo. Ukikimbia inameza nyuzi, ukilegea inakwama. Wenzangu walibadilishana kila saa, mimi nilizungusha toka asubuhi mpaka adhuhuri na sauti ya mpini haikubadilika. Siku moja akaja Mhindi mmoja mwembamba, anaitwa Karsan, ameshuka na meli akiwa na makasha manne. Alisimama nyuma yangu muda mrefu ananisikiliza, akaondoka bila salamu. Kesho yake akaniita. Akaniambia amewajaribu watu wanane na wote wanazungusha kama wanaosaga mtama. Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa mzungushaji wa picha Kilwa yote, na aliyekuwepo kabla yangu ajitokeze.

Picha tulizionyesha katika ghala la mbata. Tulisogeza magunia ya nazi kavu upande mmoja, tukatundika kitambaa cha marekani upande wa pili, tukaziba nyufa za mbao kwa makuti ili jua la alasiri lisiingie. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri, na harufu ya mbata iliingia mpaka kwenye chakula. Mashine ilikuwa juu ya kasha, taa yake ya gesi ikifoka kama nyoka, na pembeni ndoo tatu za mchanga mbichi. Karsan alinifundisha jambo moja kabla ya yote. Utepe wa picha unapita mbele ya taa kali, na unasalimika kwa sababu haukai. Ukiusimamisha, pale uliposimama panaungua, na ule utepe ukishika moto hauzimiki kwa pumzi ya mtu. "Mkono usilale," aliniambia kila siku kama anayetia nia. Yeye alikula chapati na dengu peke yake nyuma ya pazia. Mimi na Mfaume tulikula muhogo wa nazi mlangoni, na pweza siku ya kuwa na pweza, na Mfaume daima alichukua mikono ya pweza akaniachia kichwa. Kazi ya Mfaume ilikuwa kusimama mbele na fimbo akiwaeleza watu wanachokiona. Sauti alikuwa nayo, sikatai. Akili ilikuwa haijafika.

Tulikuwa na picha tatu tu. Moja ya meli inapakia marobota. Moja ya bibi wa Kizungu anamwogesha mbwa katika beseni, mbwa anamrukia, bibi anaingia yeye ndani ya beseni. Hiyo watu walicheka wiki mbili, halafu wakaichoka, wakawa wanazungumza habari zao inapopita. Ya tatu ilikuwa picha ya boma, na hiyo ilipigwa papo hapo Kivinje, mwishoni mwa vita, na Mzungu mmoja mpita njia. Inaonyesha lango. Askari wawili wamesimama. Kutoka mkono wa kushoto wanakuja watu kumi na mmoja wamefungwa mnyororo shingoni, wanatembea kwa hatua fupi, wanaingia langoni mmoja mmoja. Wa saba, kabla hajaingia, anageuza uso anatutazama. Kisha mnyororo unavutwa, anaingia, lango linafungwa. Basi. Yote hayo ni muda wa kuhesabu punje chache za tasbihi. Akida, aliyewasimamia watu wa mji kwa niaba ya Wadachi, aliipenda sana, na alimpa Karsan ruhusa ya kuonyesha kwa sharti kwamba hiyo isikose hata siku moja, na Mfaume akafundishwa maneno ya kusema: hawa ndio wapumbavu waliodhani maji yatazuia risasi, tazameni walivyonyooka. Aliyasema kwa madaha, fimbo inapiga kitambaa kwenye shingo za watu. Mbele kwenye viti walicheka. Nyuma, walikokaa chini watu wa Matumbi na wa mashambani, palikuwa kimya, na mimi niliyekuwa nyuma yao wote niliona migongo yao tu.

Mlangoni alikuwa anauza njugu za kuchemsha mwanamke mmoja, Bi Somoe, labda wa miaka thelathini, mkavu, asiyecheka na mteja. Wiki ya kwanza hakuingia. Siku alipoingia alitoa hela yake, akakaa chini, akatoka, na kesho yake akaingia tena, na keshokutwa, mpaka nikajua njugu zote anazouza anazilipa kwetu. Wa saba alikuwa mumewe, Selemani. Habari hiyo nilipewa na wanawake wa kisimani, na walinieleza pia aibu yake. Selemani aliingizwa lile boma na hakuna aliyemwona akitoka, wala akinyongwa, wala akizikwa. Bi Somoe alikwenda kwa kadhi aambiwe kama akae eda ya mjane. Kadhi akataka karatasi ya boma. Karani wa boma akafungua kitabu akasema jina hilo halimo, hawajapata kuwa na mtu wa jina hilo. Kwa hiyo mwaka wa tano ule mwanamke si mke wala si mjane. Hajavaa nguo ya kufiwa, hajasomewa hitima, na wanaume waliomtaka aliwaambia hajui yuko upande gani. Wenye maneno mjini walisema anafanya makusudi.

Siku moja alinisubiri nje, ungo wake uko kiunoni. Sikumwamkia, naye hakuniamkia.

"Wewe ndiye unayezungusha?"

"Ndiye."

"Unamwingiza mume wangu ndani kila siku."

Nilichukia. Nilikuwa nimechoka, nimetoka jasho, na huyu ananisimamia njiani. Nikamwambia ule ni utepe tu, mama, hauna damu, kama hataki kuona akae na njugu zake.

"Najua ni utepe," akasema. "Nauliza mkono ni wa nani."

Nikampita. Nikamwambia Mfaume asimruhusu kuingia, na Mfaume akacheka akasema hela ya mjane na hela ya akida zina mlio mmoja. Kesho yake alikuwepo, mahali palepale. Na mimi, ambaye hata ungefyatua bunduki nyuma ya sikio langu nisingepoteza mwendo, nilipoteza. Wale watu kumi na mmoja wakawa wanakimbilia gerezani kama wanaowahi chakula, viti vya mbele vikaangua kicheko, na Karsan akanipiga kofi la kisogo. Nilimchukia yule mwanamke kwa lile kofi kuliko nilivyomchukia aliyelipiga.

Sasa hapa ndipo Mfaume anaposema uongo, basi wasomaji wakae vizuri. Kurudisha utepe mwanzoni kazi yake hufanywa pembeni, taa imezimwa. Siku moja watu wameshatoka, Karsan yuko nyuma ya pazia na dengu zake, Mfaume amekwenda kuoga, mimi nilikuwa natazama jino moja la mashine linalokwaruza. Taa ilikuwa bado inawaka. Nikazungusha mpini kurudi nyuma nisikie jino, na kule kwenye kitambaa lango likafunguka. Askari wamesimama vilevile. Kutoka ndani wakaanza kutoka watu, mgongo mbele, mmoja, wa pili, wa tatu, mnyororo unalegea baina yao. Wa saba akatoka, akageuza uso akatutazama, akaendelea kurudi alikotoka mpaka akaishia kwenye ukingo wa kitambaa, na lango likabaki wazi. Nikasikia ungo unaanguka. Bi Somoe alikuwa ameingia kuokota maganda. Njugu zilikuwa zimetapakaa na yeye amezikanyaga.

"Tena," akasema.

Nikampa tena. Mara ngapi sikumbuki. Mimi ndiye niliyegundua, peke yangu, sikufundishwa na Mhindi wala Mdachi, na wakati huo Mfaume alikuwa anajipaka sabuni mtoni.

Kesho yake nilifanya mbele ya watu. Niliwaingiza kwanza, akida akaondoka kama kawaida yake baada ya kuridhika, kisha nikawatoa. Halafu mzee mmoja nyuma akasema taratibu, kama anayemwelekeza mtoto, "Mwingine huyo. Mwingine huyo." Walipotoka wote wakataka waone tena. Tangu hapo mbwa wa beseni akafa kifo chake, hakuna aliyemwulizia. Watu walikuja kwa miguu kutoka Pande, kutoka Kiranjeranje, kutoka milimani, wamefunga muhogo wao kwenye nguo, wanauliza mlangoni kama ile ya kutoka ipo leo. Wengine walikuwa na mtu wao kati ya wale kumi na mmoja. Wengi hawakuwa naye, ila walikuwa na mtu wao mahali fulani. Waliitazama mara nne, mara tano kwa kikao kimoja, na hakuna aliyepiga makofi. Vijana wa mpwa wangu wanadhani picha hurudiwa kwa sababu ni tamu. Ile haikuwa tamu. Watu walikuwa wanakuja kazini. Mfaume akajitungia maneno mapya, toka baba, toka, na fimbo yake ikawaita badala ya kuwapiga, na alisifiwa sana kwa hilo mjini. Alisahau kuwaambia anayezungusha ni nani. Nami sitaki kusema uongo, ile sifa iliniuma zaidi kuliko jambo lenyewe lilivyonifurahisha. Bi Somoe hakunishukuru hata siku moja. Akiona wa saba ametoka alikuwa anainuka anakwenda nje, siku zote, hasubiri mwisho.

Ghala lilikuwa la mbao, na ukilala juu ya magunia ya mbata baada ya adhuhuri unasikia kila kinachosemwa barazani. Ndivyo nilivyomsikia Mfaume. Alikuwa na karani wa akida, wanatafuna tambuu, na karani anauliza nani amewapa Wamatumbi picha ya kuwatoa wahaini. Nilingoja aseme hajui. Mfaume akasema kwa sauti laini, ile ya kumwita mteja, kwamba yeye ni mtu wa maneno tu, mashine si yake, amuulize kijana mwenye mkono, ambaye siku hizi ni rafiki wa mke wa mhaini. Nilisikia wanatema. Jioni Karsan aliitwa, akarudi amekunja uso. Ijumaa, baada ya sala, Bwana Mkubwa wa boma atakuja yeye mwenyewe na wageni wake. Picha itaonyeshwa kama ilivyo, watu wataingia na lango litafungwa, na baada ya hapo utepe utachukuliwa bomani ukakae huko. Mkono ukirudi nyuma hata hatua moja ni hamsa-ishirini, viboko ishirini na tano, na mnyororo juu yake. Nilimtazama Mfaume. Alikuwa anakula pweza.

Bi Somoe alijua kabla sijamwambia. Alhamisi alinikuta nafuta mashine, akakaa juu ya gunia, mara ya kwanza kukaa mahali nilipo.

"Kesho utamwingiza," akasema.

Nikamwambia sina njia. Nikamwambia viboko vyenyewe, na mnyororo, nikamwambia mimi si Mmatumbi na vita havikuwa vyangu. Hakunibembeleza. Akaniuliza ikiwa mkono hauendi mbele wala haurudi nyuma, inakuwaje. Nikamweleza habari ya moto.

"Anaungua yeye, au wanaungua wote?"

"Utepe wote. Hapabaki kitu."

"Nao hawawi na cha kupeleka kwao."

"Hawawi nacho. Na wewe huwi nacho."

"Mimi miaka mitano sina," akasema. "Msimamishe akigeuka. Nimwone mpaka niseme basi." Kisha akainuka, na mlangoni akageuka na uso wake uleule wa kuuza njugu. "Ukiogopa, usinidanganye. Mwingize haraka."

Ijumaa viti vya mbele vilijaa Wazungu na watu wa akida, kanzu zao zimepigwa pasi kutoka msikitini. Nyuma walijaa wale wa kila siku. Mbwa alimtia bibi ndani ya beseni, Bwana Mkubwa akacheka mpaka akajifuta macho, na mimi nikaona kwamba huyu mtu anacheka kama watu. Halafu Karsan akaweka utepe wa boma, akaning'ata sikio, mkono usilale. Mfaume akaanza maneno yake ya zamani, wapumbavu, maji, risasi. Nilizungusha kwa mwendo wa mashine ya pamba. Wa kwanza akaingia. Wa nne. Wa sita. Sitawaambia nilifikiri nini, kwa sababu sikufikiri. Wa saba akageuka na mkono wangu ukasimama.

Alikaa pale. Mwanamume wa kawaida, ana kovu juu ya nyusi ambalo kwa miezi yote ile ya kuzungusha sikuwahi kuliona. Fimbo ya Mfaume ikabaki juu. Mahali pa Bi Somoe nikaona mtu ameinuka amesimama. Kisha shavuni mwa Selemani pakatokea doa la kahawia, likavimba, likawa jeupe, likafunguka, na uso wote ukaenda na nyuma yake kulikuwa na mwanga mtupu. Moto ukaruka ndani ya kapu la utepe. Wazungu walitoka wanakohoa, akida akaacha kilemba, mimi na Karsan tukamwaga ndoo zote tatu, na ghala likasalimika kwa sababu mkono wangu wa kushoto nao si mbaya.

Nilisema mpini ulikwama. Mfaume akasema haukukwama. Nilipigwa Jumamosi asubuhi mbele ya lango lile la kwenye picha. Nilikuwa nimenuia kutolia na nilifika kumi na moja bila kulia. Baada ya hapo nililia kama kila mtu. Mnyororo nilisamehewa, kwa sababu Karsan alikwenda kuapa kwamba mashine ni mbovu, ya zamani, yeye mwenyewe amelaghaiwa na aliyemwuzia. Alikuja kuniaga nikiwa nimelala kifudifudi. Aliniambia mkono wangu ni mzuri na kichwa changu ni kibaya, akapanda meli na mbwa wake wa beseni.

Wiki mbili nililala. Nilimngoja Bi Somoe aje. Nilijua atakuja na uji, atakaa, atasema neno, na nilikuwa nimeshapanga nitakavyojifanya si kitu. Hakuja. Siku nilipoweza kuvaa shati nilikwenda kwake mwenyewe, nyuma ya soko, hasira imenijaa mpaka nilisahau maumivu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Bibi mmoja mzee alikuwa barazani anapepeta mchele, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikamwambia namtaka Bi Somoe, anitokee, nina maneno naye.

"Hatoki," akasema. "Yuko edani. Mwanamume hamwoni mpaka miezi minne na siku kumi."

Nikamuuliza, kwa ukali, eda ya nani, mbona sikusikia msiba.

Bibi akaacha kupepeta, akanitazama toka miguu mpaka kichwa.

"Ya mumewe, Selemani," akasema. "Alikufa Ijumaa ile, ghalani. Na wewe, mwanangu, ulikuwepo."